Kovu la Chaza

Siku ya mwisho ya mafunzo yangu kwenye benki kubwa ya uwekezaji, bosi alinipa ripoti niitoe kopi.

"Kazi nzuri, Haula. Kijiji chenu kizima kimekubali makaburi yahamishwe kupisha hoteli tunayoifadhili."

Ndani nikakuta karatasi nilizozipitisha mwenyewe kwa watu kwenye mkutano wa kijiji. Siku ile juu palikuwa patupu. Niliambiwa ni mahudhurio tu, ya kugawia soda. Sasa pameandikwa: Ridhaa ya Wanakijiji.

Mstari wa nne ni dole gumba la bibi yangu. Alama imekatwa katikati na kovu la ganda la chaza.

Bibi hajui kusoma. Siku ile aliniuliza, "Umeisoma wewe, mjukuu wangu?"

"Nimeisoma, bibi," nikasema, nikalichovya dole lake kwenye wino.