Nungunungu Aliyevaa Nyumba
Zamani, wanyama walipokuwa bado wakiota ndoto wakiwa macho, mashimo ya mtoni yalipanda bei. Nungunungu, mimba ikiwa kubwa, akahamia nyikani ambako ardhi ilikuwa rahisi, akatafuta fundi.

Muhanga alikuja na vumbi puani. "Mashimo yote haya nimechimba mimi, mama."

"Na wewe unalala katika lipi?"

"Sikai. Nikimaliza moja, naenda kuchimba jingine."

"Fundi anayeikimbia kazi yake!" Nungunungu akamfukuza.

Kisha akaja Mnana, ndege msukaji, akiimba. Aliimba nyumba ya nyasi laini, inayopumua upepo, yenye harufu ya mvua ya kwanza. Nungunungu alisikiliza amefumba macho, na kabla wimbo haujaisha moyo wake ulikuwa umeshahamia. Nyumba ikasukwa, na ikapendeza kweli.

Asubuhi akajinyoosha. Miiba ikanasa ukutani. Alipotoka kwenda kunywa maji, nyumba nzima ilitoka naye mgongoni, ikiyumba taratibu kama wingu.

Jirani yake Ngiri akachungulia kutoka shimoni. "Shoga, safari ya wapi na nyumba?"

Matone ya mvua yakaanza kudondoka. Nungunungu akalia. "Wewe nani alikuchimbia?"

"Muhanga. Hata wa pale, na wa kule, kawachimbia yeye."

"Mbona yeye hakai humo?"

"Angekaa yeye, sisi tungekaa wapi? Ulimhoji fundi, mwenzangu. Sisi tunaolala humu hukutupigia hata hodi."