Chafya Nyuma ya Pazia

Hemedi alikwenda dukani kwa jirani yake, Bi Raya, kununua sumu ya panya, maana panya walikuwa wametoboa gunia lake la mchele. Kabla hajasema shida yake, chafya ndogo ilisikika nyuma ya pazia.

"Afya!" akaitikia, kama mama yake alivyomzoesha. "Mjukuu ana mafua?"

"Kifua kinambana tangu juzi. Hebu njoo unishikie, mwanangu, ananiponyoka."

Hemedi akavua viatu, akaingia. Juu ya kanga iliyokunjwa alilala panya mweupe wa kufugwa, akihema kwa shida. Wapangaji waliohama walikuwa wamemtupa jalalani pamoja na kizimba chake, Bi Raya akamwokota.

Hemedi alitaka kucheka. Lakini alikwisha kumwombea afya, na Bi Raya alikwisha kuvuta dawa kwa bomba la sindano. Akampokea kwa viganja viwili. Panya akameza tone kwa tone, kisha akapiga chafya tena.

"Afya," alisema Hemedi, safari hii taratibu.

"Ahsante, baba. Haya, ulikuja kununua nini?"

Hemedi akatazama viganja vyake. Moyo mdogo ulikuwa ukidunda vidoleni mwake, haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi.