Paka wa Saa Kumi

"Paka amepanda tena," ilisema sauti kwenye simu. "Safari hii yuko juu ya tangi la maji."

Dada wa meza ya pili alifumba macho. Tangu asubuhi, pale kwenye kituo cha simu za dharura, alikuwa amepokea ajali mbili na nyumba iliyoungua.

"Shikamoo, mzee. Lakini laini hii ni ya watu walio hatarini."

"Marahaba, mwanangu. Kwani paka hana roho?"

Akacheka bila kupenda. Akamwelekeza: asipige kelele, aweke samaki chini, asubiri. Dakika tatu baadaye mzee akatangaza, "Ameshuka. Eneo salama, majeruhi hakuna."

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mafuriko. Siku ile mama mmoja alimpigia akiwa juu ya paa na wanawe, maji yakipanda, kisha laini ikakatika. Kama waliokolewa au la, hakuna aliyerudi kumwambia. Kazi yao ndiyo hiyo: unasikia mwanzo, mwisho unabaki na wenyewe. Usingizi ukamhama. Barua ya kuacha kazi ilikuwa tayari mkobani.

Ila kila alipotaka kuitoa, saa kumi iligonga na paka akapanda: dirisha la jirani, mnara, gari la taka.

"Mzee, huyo ni paka au nyani?"

Na simu ile haikuwahi kuangukia meza nyingine. Wenzake walimtania kwamba amepata mchumba.

Siku yake ya mapumziko akanunua samaki, akaifuata anwani ambayo sasa aliijua kwa moyo. Mzee alifungua mlango, akaitambua sauti yake aliposalimu, akaduwaa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Sebule ilikuwa safi. Hata unyoya mmoja haukuwepo.

"Paka yuko wapi, mzee?"

"Paka..." Mzee akajikuna kisogo.

Simu yake ikaita. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, akabonyeza spika kwa mazoea, kabla ya kufikiri. Sauti ya kukwaruza ya bosi wa kituo ikajaa chumba kizima:

"Mzee, yule mama wa meza ya tano amepokea simu mbaya leo, amejifungia chooni analia. Mpigie saa kumi kama kawaida. Ila kwake tumia kasuku. Paka ni wa dada wa meza ya pili."