Kona ya Machimbo

Tangu watoke mjini, Idrisa alikuwa akiisifia redio mpya ya gari lake.

"Hii inashika setilaiti, Mama. Ile FM ya baba ilikuwa inakwaruza mpaka kichwa kinauma."

Bi Tunu alikubali kwamba sauti ilikuwa safi. Waliipita kona ya machimbo na wimbo haukukatika hata kidogo.

"Hapa ile ya baba yako ilikuwa inapotea," alisema.

"Ndiyo nakwambia. Hii haipotei."

Zamani, kipindi cha salamu kilipozama kwenye mikwaruzo hapo konani, marehemu mumewe alikiendeleza mwenyewe, chupa ya maji mdomoni kama kipaza sauti: salamu zimwendee Tunu, popote pale alipo. Naye, aliyekaa kando yake, alijibu kwamba zimefika.

"Geuza gari, mwanangu. Turudi pale, na uweke FM."

Idrisa alimtazama, kisha akageuza. Walipofika konani maneno ya mtangazaji yalimezwa yote. Akanyoosha mkono kuizima redio. Mama yake akaushika.

Mikwaruzo ilijaa gari zima. Bi Tunu aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Zimefika," alisema.