Baiskeli ya Nyumba

"Kwa nini kila siku mimi? Mbona si Elinami?" Ombeni alimpandishia sauti baba yake wa kambo. "Yeye si ndiye mwanao wa kumzaa?"

"We dogo, usinipigie kelele nyumbani kwangu," Mbwambo alifoka. "Elinami ana pumu."

Pumu gani, na jana tu alikuwa anakimbiza mpira jioni nzima? Sheria ya jiji ilikuwa hiyo: gari la nyumba yoyote haliwaki mpaka mtu mmoja wa nyumba hiyo awe barabarani na baiskeli. Eti dereva akijua damu yake iko njiani, atapunguza mwendo. Na kweli, jirani yao Mama Nasi, tangu bintiye aanze kupanda baiskeli, anaendesha gari kama amebeba mayai. Mbwambo wala. Anawapigia watu wa baiskeli honi mgongoni, anawabana mpaka mtaroni, halafu anacheka.

"Nenda tu, mwanangu," mama yake alisema, macho chini.

Ombeni akavaa helmeti. Mbwambo akapoa ghafla, akachukua funguo za gari.

"Leo unapita njia gani?"

Hakuwahi kumuuliza hivyo hata siku moja.

"Ya Buguruni," Ombeni alidanganya, akatoka, akafunga mlango.