Doa la Maji Moto

Nilikuwa nimeshainua shuka la mama mkwe kulitia kwenye beseni nilipoliona doa. Lilikuwa na rangi ya kutu, pana kama kiganja, limeng'ang'ania kwenye uzi.

Mimi ni dobi. Damu huloweshwa kwa maji baridi. Ukiimwagia ya moto umeipika, haitoki tena. Kila mwanamke anayeona siku zake anajua hilo. Mama mkwe hajaziona kwa miaka kumi na moja. Alikuwa amesahau.

Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni na birika linalofuka mvuke.

"Liache, mwanangu, nitalifua mwenyewe. Ni chai tu hiyo."

"Chai haina harufu hii, mama."

Akatazama pembeni. Hayo si mambo ya kuulizana mtu na mkwewe. Nikauliza hivyo hivyo.

"Imeanza lini?"

"Ni uzee. Inakuja, inaondoka."

"Ilishakoma, mama. Ikirudi, daktari lazima aangalie. Inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, inaweza isiwe kitu. Mimi na wewe hatuwezi kujua."

Nilichomoa pasi kwenye umeme, nikafuta mikono.

"Vaa viatu twende. Atauliza imeanza lini, na yeye usimwambie ni chai."

Akaingia chumbani. Nikasikia kitu kikiburutwa kutoka uvunguni.

Alirudi amevaa viatu, akivuta begi la safari. Nikafungua zipu. Mashuka yote tuliyodhani yameibwa kambani tangu mwaka jana yalikuwa humo, yamekunjwa vizuri, kila moja na doa lake.