Mkono wa Fundi Kaduma

Tangu Mwasiti aanze kazi gereji, fundi mkuu Kaduma alimsalimia kwa kumpa kifundo cha mkono, kama mafundi wafanyavyo viganja vikiwa na grisi. Kwake alifanya hivyo hata akiwa ametoka kunawa.

Asubuhi hiyo Kaduma alikuwa ameshapanga spana za kushusha injini ya gari la nesi mmoja. "Haina nguvu tena, dada. Injini imekufa," alimwambia nesi aliyesimama kando.

Mwasiti aliliwasha gari, akazunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye bomba la moshi. Pumzi ilitoka kidogo mno.

"Injini hii ni nzima," alisema. "Imezibwa pumzi."

Kaduma akacheka. "Wewe umeanza lini kazi?"

Mwasiti aliingia chini ya gari, akayafungua masega, kile kichujio cha moshi, akampa nesi. "Yaelekeze juani, uchungulie."

"Sioni kitu. Giza tupu!"

"Matundu yameyeyuka, yameziba. Ungeendesha hivi wiki nyingine, joto lingerudi ndani likaunguza vali. Hapo injini ingekufa kweli."

Walipoliwasha bila masega, gari liliunguruma hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Nesi akapiga kigelegele.

Kaduma alirudisha spana kwenye boksi, moja moja. Kisha akafuta kiganja kwenye ovaroli, mbele na nyuma, akamnyooshea Mwasiti mkono.

Mwasiti alivitazama viganja vyake mwenyewe vilivyojaa masizi. Akainua kidevu, akampa kifundo.